Hodi ya Mejumaa

"Nipe hizo skrubu, Mama Mejumaa."

"Sikupi."

"Nina kazi ya watu inanisubiri Ukunda."

"Basi nenda ukaifanye. Milango ya watu itengeneze. Huu uache."

Chande alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, bisibisi mkononi. Komeo jipya lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili tu, likaning'inia upande. Skrubu zilizobaki zilikuwa ndani ya ngumi ya mkewe, Subira.

Komeo hilo lilikuwa upande wa nje wa mlango. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mtu hufunga mlango kwa ndani ili alale salama. Anayeufunga kwa nje anamfungia mwenzake.

"Ni Jumamosi moja tu," Chande alisema. "Wageni wakishakula na kuondoka, namfungulia."

"Na siku ya harusi yenyewe? Na Idi? Na siku ya maulidi? Komeo likishawekwa, limewekwa."

"Wifi," alisema Nimasiti, dada mdogo wa Chande. Alikuwa amesimama uani na beseni la nguo kiunoni. "Mimi nampenda mtoto, wewe wajua. Lakini wakumbuka siku ile."

Nani angeisahau? Nimasiti alikuwa ameposwa na kijana wa Vanga. Shangazi wa kijana huyo, Bi Mesaidi, alikuja hapa Waa kuwatazama wenyeji. Aliketi mkekani, akawekewa chai na mahamri. Mejumaa, binti wa miaka mitano wa Chande na Subira, akaja akasimama mbele ya mkoba wa mgeni.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyemjibu.

"Hodi. Hodi. Hodi."

Kisha akajitupa chini. Akapiga kelele, akajiuma mkono, akaipiga teke sinia ya chai. Bi Mesaidi akainuka na kwenda zake, hata hamri moja hakumaliza. Sasa Jumamosi hii ukoo wote wa bwana harusi ulikuwa unakuja kula na kupanga siku ya nikahi.

"Wakisema nyumba hii ina mashetani," Nimasiti alisema, "mimi nitaolewa na nani?"

"Si mashetani," Subira alijibu. "Daktari wa Msambweni amempima masikio, amemtazama mara nyingi, ameniambia ni usonji. Mangapi tena?"

"Usonji, usonji," Chande alisema. "Jina jipya halimnyamazishi mtoto."

Mama yake Chande, Bi Mwanarusi, akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, na alipozungumza watu walinyamaza.

"Mnagombana bure. Huyu mtoto hapigi hodi yeye. Mtu atapigaje hodi kwenye mtungi wa maji? Atapigaje hodi kwenye kabati? Aliye ndani hapigi hodi. Anayepiga hodi yuko nje na anataka kuingia, naye anatumia mdomo wa mtoto. Mgeni asiyeonekana hakaribishwi. Nimesema msimwitikie, na msimwitikie."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu mwaka jana. Mejumaa hakuwa na maneno mengine. Alikuwa na hilo moja tu, hodi, na kila alipolisema, nyumba nzima ilifunga midomo.

Subira alikunja pindo la leso yake. Akazitia skrubu ndani, akafunga fundo.

"Kesho anakuja mtaalamu, yule Judy niliyewaambia. Msikilizeni kwanza. Jumamosi asubuhi ukizitaka bado, Baba Mejumaa, nitakupa."

"Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

Chande akainuka. Komeo likabaki pale mlangoni, limening'inia.

*

Kesho yake alasiri, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa ili mbuzi wa jirani wasiingie. Bi Mwanarusi alikuwa akichagua mchele. Nimasiti alikuwa akipiga nguo pasi. Subira alikuwa nyuma ya nyumba, kisimani.

"Hodi," ilisema sauti nyembamba.

Nimasiti aliinua kichwa. Bi Mwanarusi akainua kidole.

"Msiitike."

"Hodi."

Bi Mwanarusi aliendelea kuchagua mchele.

"Hodi. Hodi."



Baada ya muda mfupi, mwanamke kijana alitokea kisimani. Alibeba mfuko begani. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimekanyaga mavi ya mbuzi.

"Mama Mejumaa, kwani mmehama? Nimepiga hodi mpaka nimekasirika. Nasikia watu wako ndani. Nasikia mtu anasema 'msiitike'. Nimewakosea nini?"

Subira akaweka ndoo chini. "Ewe Mola wangu," alisema, akamshika mkono, akampeleka ndani.

Bi Mwanarusi alipomwona mgeni mtu mzima, uso ulimbadilika. Pwani, kumwacha mgeni mlangoni ni aibu kubwa.

"Astaghfirullahi. Mwanangu, karibu, karibu ukae. Tulidhani ni mtoto."

Judy alikuwa amezaliwa bara, lakini alifanya kazi Ukunda na watoto wenye usonji na wazazi wao. Alivua viatu, akaketi mkekani. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Lakini shosho wako yuko hukohuko bara. Mimi niite bibi."

"Samahani, bibi. Hebu nieleze. Mtoto akipiga hodi, hamumjibu?"

Bi Mwanarusi akamweleza yote: mtungi, kabati, mgeni asiyeonekana. Judy hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nami nikueleze, bibi. Nilipopiga hodi ya kwanza nilikuwa na furaha. Ya pili, nikaongeza sauti. Ya tatu, nikaanza kuudhika. Halafu nikatamani kuupiga huo mlango teke. Na mimi ni mtu mzima, nina maneno mengine. Ningeweza kuwatukana, ningeweza kuzunguka nyuma. Mejumaa ana neno moja. Likikataliwa, amebaki na nini?"

Pasi ilikuwa imesimama juu ya nguo. Nimasiti aliinyanyua haraka.

"Teke," Subira alisema polepole. "Amebaki na teke. Kila mara ni hivyo. Hodi kwanza, teke baadaye. Mbona sikuona?"

"Huoni kwa sababu uko mbio kuokoa vikombe," Judy alisema. "Sisi katika kazi hii tunajiuliza maswali mawili. Kabla ya kelele kulikuwa na nini? Na baada ya kelele alipata nini? Mtoto haanguki chini bure. Kuna kitu anakisema kwa mwili wake."

"Lakini kwa nini hodi? Kwa nini asiseme maji?"

"Hapo sijui. Mnaoishi naye ni ninyi. Tumtazame."

Hawakusubiri sana. Mejumaa aliingia kutoka uani. Mkononi alikuwa na ganda jembamba la mbao, lile linalojikunja randa inapopita. Baba yake alikuwa fundi wa milango, na maganda hayo yalikuwa mchezo wake wa kila siku. Alilitikisa ganda mbele ya macho yake akatabasamu. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi.

"Hodi."

"Mtungi umefunikwa," Subira alisema. Kisha akashika kinywa chake. "Mama. Kabati limefungwa. Mtungi umefunikwa. Mkoba wa Bi Mesaidi ulikuwa umefungwa. Kila anachokipigia hodi kina kifuniko."

Judy alisogea mbele. "Endelea."

"Watu wanakuja hapa kila siku. Wanasema hodi, na mlango unafunguka. Amedhani..." Alimgeukia mtoto. "Amedhani hodi ndiyo inayofungua."

"Hodi," alisema Mejumaa. Sauti ilikuwa imepanda. Mkono wake ulianza kwenda mdomoni.

"Sasa hivi," Judy alisema. "Kabla hajajiuma. Bibi, wewe uko karibu."

"Mimi? Nimkaribishe asiyeonekana?"

"Bibi, huyo hapo mtunguni unamwona?"

"Namwona."

"Ni nani?"

Bi Mwanarusi alimtazama mtoto. "Ni mjukuu wangu."

"Basi anaonekana."

Bi Mwanarusi aliinuka. Alisema bismillahi kwa sauti, akakishika kifuniko cha mtungi.

"Karibu, mjukuu wangu," alisema, akafunua.

Mejumaa alisimama kama aliyeitwa na mtu wa mbali. Alimtazama bibi yake mdomoni. Huo mdomo ulikuwa umejibu. Kisha akachukua kata, akanywa, maji yakamtiririka kifuani. Hakupiga kelele. Hakujiuma. Alirudisha kata mahali pake, akakimbilia kabati.

"Hodi."

Nimasiti aliacha pasi na kuruka. "Karibu, karibu," alisema, akafungua.

Ndani ya kabati mlikuwa na kopo la biskuti. "Hodi," Mejumaa aliliambia kopo.

"Karibu," Subira alisema. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kifuniko kilimshinda kufungua.

Baada ya hapo hakuna aliyeketi. Mejumaa alibisha hodi kwenye sanduku la nguo, akafunguliwa. Alibisha kwenye sufuria, akafunguliwa. Alibisha kwenye dirisha. Alitoka mbio akabisha kwenye banda la kuku, na Bi Mwanarusi, ambaye alikuwa ameingiwa na furaha kama mtoto, akasema karibu na kulifungua pia. Kuku wote wakatoka. Wawili waliingia sebuleni.

Chande alirudi kutoka Ukunda wakati huo. Alikuta kuku mezani, mchele umemwagika, na mama yake anakimbia amefunga leso kiunoni.

"Kuna nini hapa?"

"Nyamaza," Bi Mwanarusi alimwambia. "Tunapiga hodi."

Chande akaweka chini mfuko wake wa kazi. Mejumaa aliuona. Alikuja, akasimama mbele yake.

"Hodi."

Wote walimtazama Chande. Yeye alimtazama mama yake, mwenye sheria.

"Unanitazama nini?" Bi Mwanarusi alisema. "Mwitikie mwanao."

"Karibu," Chande alisema kwa sauti ndogo. Akaushikilia mfuko kwa mikono miwili, patasi na misumari akaizuia kwa kiganja, na mdomo wa mfuko akauacha wazi. Mejumaa alitia mkono, akatoa ganda refu la mbao. Halafu akaketi juu ya mguu wa baba yake, akaanza kulitikisa.

Hakuwahi kuketi hapo tangu ajue kutembea. Chande hakuthubutu kusogeza mguu, hata ulipokufa ganzi.

"Msipige vigelegele," Judy alinong'ona, maana Nimasiti alikuwa amekwisha kujaza pumzi. "Makelele yanamuumiza. Furahini kwa tumbo."

Wakafurahi kwa tumbo.

*

Walipokwisha kuwarudisha kuku, Judy aliwaeleza kwa utulivu.

"Usonji si maradhi ya kuambukiza. Si pepo, si laana, wala si kosa la mama. Mtoto amezaliwa hivyo. Akili yake inapokea sauti, mwanga na maneno kwa njia nyingine. Sitawadanganya kwamba utaondoka. Lakini kujifunza anajifunza. Leo mmemwona."

"Sasa atakuwa anapigia hodi kila kitu mpaka aolewe?" Chande aliuliza.

"Hapana. Hodi ni mlango tu. Sasa tunamwingiza ndani. Akija mtunguni akisema hodi, utasema 'maji', kisha usubiri kidogo. Akijaribu, hata kwa herufi moja, mpe maji hapohapo. Si baadaye. Hapohapo, ili ajue neno ndilo lililoleta maji. Akizoea, mnangoja kidogo zaidi, mpaka aseme mwenyewe. Kila kazi ikateni vipande vidogo. Kunawa mikono ni kazi nyingi kwake. Kwanza kufungua maji. Akiweza, mpe anachokipenda."

"Peremende?"

"Una mfuko mzima wa anachokipenda, fundi. Tena bure."

Chande aliyatazama maganda ya mbao. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Na asipigwe," Judy aliendelea. "Fimbo inamfundisha kuogopa, haimfundishi neno. Na wote mfanye namna moja. Mama akisema hivi na bibi akisema vile, mtoto anapotea."

"Na dua?" Bi Mwanarusi aliuliza. Alikuwa amekunja mikono, tayari kwa ugomvi.

"Omba dua, bibi. Dua haikukatazi kumwitikia."

Mikono ikakunjuka. "Hapo umesema."

Kabla ya kuondoka, Judy alimgeukia Subira. "Na wewe unapumzika lini?"

"Mimi?" Subira alijibu. "Nitapumzika nikifa."

"Sivyo. Mama akichoka, tiba yote inalala. Pokezaneni hapa nyumbani. Na uje Ukunda, kuna wazazi wenzako wanakutana pale kituoni. Utacheka. Wana visa vizito kuliko vya kuku."

*

Basi wakaanza. Aliyekuwa mwalimu bora kuliko wote ni Bi Mwanarusi. Alikaa karibu na mtungi kama askari.

"Hodi," alisema Mejumaa.

"Maji," alisema bibi, akangoja.

Chande hakuweza kungoja. Mara mbili alinyoosha mkono kufunua mtungi, na mara mbili mama yake aliupiga huo mkono kwa ukuti wa ufagio.

"Umeambiwa usubiri. Wewe ndiye unayeshindwa kujifunza, si mtoto."

"Ma," alisema Mejumaa.

Kifuniko kilifunguka hapohapo. Ilikuwa nusu ya neno, lakini nyumba nzima ilitembea siku hiyo kama imepokea mgeni kutoka Maka.

Ijumaa mambo yakaharibika. Majirani walikuja kusaidia mapishi ya kesho. Walileta vinu, sufuria na vicheko. Michi ilipoanza kutwanga, Mejumaa aliziba masikio. Kisha akaanguka, akapiga kelele, akajiuma mkono mpaka alama za meno zikabaki kwenye ngozi.

"Mfungieni ndani jamani," jirani mmoja alisema. "Kesho atawatia aibu."

Chande alitokea mlangoni. Alimtazama mtoto. Kisha macho yake yakaenda kwenye komeo lililoning'inia. Subira aliyaona macho hayo. Mkono wake ulishika fundo la leso.

"Kabla ya kelele," Chande aliuliza, "kulikuwa na nini?"

Wote wakamgeukia. Hawakutegemea swali hilo kutoka kwake.

"Nauliza. Kabla hajalia, kulikuwa na nini?"

"Michi," Nimasiti alisema. "Ilianza michi ndipo akaziba masikio."

"Basi vinu vipelekwe nyuma ya nyumba ya jirani."

"Kwa ajili ya mtoto?" yule jirani aliuliza.

"Kwa ajili ya mtoto. Pilipili manga itasagika hukohuko."

Akamwinua Mejumaa, akampeleka chumba cha nyuma, palipokuwa na utulivu. Alimwekea rundo la maganda ya mbao, akatoka taratibu. Kelele zikapungua, zikaisha. Upepo ukausukuma mlango, ukajifunga wenyewe.

Chande alikuwa bado amesimama nje. Baada ya muda alisikia sauti ndogo kutoka ndani. Kitasa kilikuwa juu mno kwa mtoto wa miaka mitano.

"Hodi."

Alifungua haraka. "Karibu," alisema. Kisha akautazama ule mlango kwa muda mrefu, kama fundi anayetafuta kosa katika kazi yake.

Jumamosi asubuhi, sufuria zikiwa mekoni, alimfuata Subira.

"Nipe zile skrubu."

Subira aliganda. "Baada ya yote haya?"

"Ulisema utanipa kwa mkono wako."

Ahadi ni ahadi. Subira alilifungua fundo, akazimwaga skrubu katika kiganja cha mumewe. Akampa mgongo ili asione. Alisikia bisibisi ikizunguka. Alisikia chuma kikianguka sakafuni.

Chuma kilianguka?

Aligeuka. Komeo lilikuwa chini. Pale lilipokuwa, palibaki matundu mawili. Kile kitasa cha juu kilikuwa tayari kimetolewa. Na chini, usawa wa bega la Mejumaa, Chande alikuwa akikaza mpini mpya wa mbao, uliopigwa msasa mpaka ukawa laini. Ulikuwa na mwenzake upande wa ndani.

"Chumba kinamfaa," alisema bila kuinua kichwa. "Tatizo lilikuwa nani anafungua."

"Ungeniambia, Baba Mejumaa."

"Ungeniamini?"

"Hapana," Subira alisema.

"Ndiyo maana nilifunga mdomo nikakaza skrubu."

*

Wageni walifika baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliketi barazani, wanawake wakaingia ndani. Bi Mesaidi aliketi mahali palepale pa siku ile, mkoba pembeni. Hakuondoa mkono juu ya mkoba.

Pilau ililiwa. Nimasiti alipita na maji ya kunawa, macho yake hayaondoki kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Mejumaa alikuwa ndani tangu wageni walipoanza kusalimiana. Aliingia mwenyewe makelele yalipozidi.

Mpini ukashuka. Mlango ukafunguka. Mejumaa akatoka.

Alipita katikati ya wageni bila kumtazama mtu. Alisimama mbele ya mkoba wa Bi Mesaidi.

"Hodi," alisema.

Nimasiti alishika birika kwa mikono yote miwili.

Bi Mwanarusi alizungumza kwa upole, lakini wote walisikia. "Bi Mesaidi, mtoto anakubishia. Anaomba ufungue mkoba. Hachukui kitu. Mwitikie tu."

Bi Mesaidi alimtazama mtoto, akamtazama bibi. "Karibu," alisema.

Akaufungua mkoba. Kifungo cha chuma kililia, tak. Mejumaa akakifunga, tak. Akakifungua tena, tak. Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo na cha haraka, kama maji yanayotoka chupani. Kumbe siku ile hakutaka kitu ndani ya mkoba. Alitaka ule mlio.

Aliucheza mlio mpaka akatosheka. Kisha akageuka, akaenda kwa bibi yake, akasimama karibu na mtungi. Bi Mwanarusi alifungua kinywa kumwambia neno.

"Maji," alisema Mejumaa.

Alilisema zima, na mwenyewe. Bibi alichota kwa kata, na maji yakafika hapohapo. Nimasiti alijifunika uso kwa leso, mabega yakimruka. Subira alibana midomo. Wote walifurahi kwa tumbo, na wageni hawakuelewa kwa nini wenyeji wamevimba mashavu.

Bi Mesaidi hakucheka. Aliinuka, akaenda hadi mlango wa chumba cha nyuma. Alipitisha kidole kwenye yale matundu mawili.

"Hapa palikuwa na komeo."

Chande alikuwa ameingia kuchukua sinia. Hakukwepa. "Palikuwa nalo. Niliweka mimi, nikatoa mimi. Asubuhi ya leo."

"La nje."

"La nje."

"Mganga gani amemtibu?"

"Hajatibiwa na mganga," Bi Mwanarusi alisema. "Tulikuwa hatumwitikii. Tukamwitikia. Kuna binti anatufundisha, yuko Ukunda, hata mwenye shida kubwa humpokea. Na kazi bado ipo, hatujamaliza."

Bi Mesaidi aligeuka. "Siku ile sikuondoka kwa dharau," alisema. "Katika mtoto huyu nilimwona Iddi."

"Iddi ni nani?" Nimasiti aliuliza.

"Ni shemeji yako wa kesho, mdogo wa mchumba wako. Ana miaka kumi na minne. Hasemi. Mama yake alipofariki nikamchukua mimi. Wageni wakija, tunamfungia chumba cha uani. Leo tumemfungia, ili tuje tule pilau yenu. Tuliogopa mkijua, mtakataa kutupa mke."

Nimasiti aliweka birika chini. "Kwa hiyo nyinyi mlituogopa sisi?"

"Sana."

"Na sisi tulikuwa tumekwisha kununua komeo kwa kuwaogopa nyinyi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wanawake wote. Bi Mesaidi mwenyewe alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Alitoa simu.

"Mwache mpaka urudi, dada," alisema mmoja wa wageni. "Vanga ni mbali, mtazungumza nyumbani."

"Nikirudi ni jioni," Bi Mesaidi alisema. "Yuko ndani sasa." Akapiga. Akaiweka simu kwenye kipaza sauti, maana masikio yake hayakuwa mazuri. "Wewe binti, uko wapi? Nenda chumba cha uani. Mfungulie Iddi. Ndiyo, sasa hivi. Usikate simu, nataka nisikie."

Walisikia malapa ya msichana yakipita uani kule Vanga. Walisikia mkono ukigusa chuma.

"Subiri," Bi Mwanarusi alisema, akainamia simu. "Mwanangu, usifungue hivyohivyo. Humo ni chumbani mwake. Piga hodi kwanza."

Chuma kiliachiwa.

"Hodi, Iddi," ilisema sauti ya msichana.

Kutoka ndani, mtu aligonga ubao mara moja.

Komeo likavutwa.